Mizani ya intaneti bafuni: kuiunganisha, kupanda na kuusoma mstari wake

Kwa miaka mingi uzito wangu niliujulia sehemu mbili: hospitali, na kwa yule kijana mwenye mizani pembeni ya stendi ya Moshi. Unavua viatu, unapanda, unamlipa, anakuandikia kilo na urefu kwenye kikaratasi. Kikaratasi kinaingia mfukoni, suruali inaingia kwenye beseni la kufulia, habari imeishia hapo. Siku daktari aliponipima presha mara mbili na kuniuliza, "Huu uzito umeanza kupanda lini?", nilitazama chini kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari. Nilichojua ni kwamba mkanda ulikuwa umehama matundu mawili.

Mizani ya intaneti, au mizani janja kama wauzaji wanavyoiita, inatibu tatizo hilo moja tu: kumbukumbu. Haipunguzi hata gramu. Inaandika kila ulipopanda, tarehe na saa, bila kukuomba kalamu. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuinunua, au aliyeinunua ikakaa chini ya kitanda baada ya wiki mbili. Nimeitumia miaka mitatu nyumbani, hapa mtaa wa Soweto, Moshi, na makosa mengi nitakayoyataja niliyafanya mwenyewe.

Kabla ya kutoa hela

Ndani ya mizani hizi hakuna maajabu. Kwenye kila pembe kuna kipande cha chuma kilichogandishiwa nyuzi nyembamba za umeme. Ukipanda, chuma kinapinda kiasi kisichoonekana kwa macho, nyuzi zinavutika, na umeme unapita kwa tabu kidogo zaidi. Mizani inasoma pembe zote nne, inajumlisha, inakupa kilo. Hivyo ndivyo ilivyo mizani yoyote ya bafuni ya kidijitali. Hii yetu imeongezewa redio ndogo ya kupeleka namba nje. Kampuni ya Kifaransa ya Withings ilitoa mizani yake ya kwanza ya waifai mwaka 2009, na leo zipo za bei zote.

Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: inatumia waifai au blututhi? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ya blututhi inaongea na simu tu, tena simu iwe karibu, na mara nyingi programu yake iwe imefunguliwa. Ya waifai inaongea moja kwa moja na ruta, yaani kile kiboksi kinachogawa intaneti nyumbani; simu inaweza kuwa chumbani inachajiwa, au iko na wewe Dodoma, na kipimo cha mtu wa nyumbani kikakufikia. Kama nyumbani huna ruta na unaishi kwa bando la simu, chukua ya blututhi, ni nafuu na inatosha. Kama unataka kufuatilia uzito wa mzazi aliye mbali, ya blututhi itakukera.

Usihofie bando. Kipimo kimoja ni maandishi machache tu, hakifiki hata robo ya picha moja ya kikundi cha familia.

Angalia na kiwango cha juu kilichoandikwa nyuma, kwani nyingi huishia kilo 150 au 180. Angalia betri pia. Zile nyembamba za AAA unazipata kwa Mangi yeyote mwenye duka mtaani. Zile za duara kama kifungo utazitafuta. Mwisho, soma kama programu inadai malipo ya kila mwezi ili ikuonyeshe kumbukumbu zako za zamani. Ikidai, achana nayo. Utakuwa unalipa kodi ya uzito wako mwenyewe.

Sakafu kwanza, simu baadaye

Mizani inataka sakafu ngumu na iliyo sawa. Vigae ni sawa, saruji iliyosuguliwa ni sawa. Zulia si sawa, mkeka si sawa, na sakafu ya bafu yenye mteremko wa kupeleka maji si sawa hata kama jina lake ni mizani ya bafuni. Mwezi wa kwanza niliiweka bafuni, ikawa inanipa kilo tofauti kila nilipogeuka. Niliihamishia kwenye korido, kwenye kigae kimoja kipana, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Nyumba zetu ni za bloku, na ukuta wa bloku unakula waifai; korido ikanisaidia na hilo pia.

Jaribio la kuijua sehemu nzuri: panda mara tatu mfululizo, ukishuka kila mara na kusubiri izime. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya gramu 200, hamisha. Ukishapata mahali, iache hapo. Kila ikinyanyuliwa inahitaji kutafuta sifuri yake upya: ikanyage kidogo kwa mguu mmoja, ngoja ionyeshe 0.0, ndipo upande. Anayefanya usafi nyumbani mweleze, maana ataiegemeza ukutani kila siku na wewe utashangaa kwa nini Jumamosi una kilo za ajabu.

Kuiunganisha

Pakua programu ya mizani kwenye simu, fungua akaunti, na ujaze urefu, mwaka wa kuzaliwa na jinsia. Urefu jaza wa kweli, uliopimwa, si ule uliokadiria. Washa blututhi hata kama mizani ni ya waifai, kwa sababu nyingi hupokea jina la mtandao na nenosiri kutoka kwenye simu kwa njia hiyo. Simu za Android za matoleo ya zamani haziwezi kutafuta kifaa cha blututhi bila kuruhusiwa kusoma mahali ulipo. Ruhusu, maliza kazi, kisha, kama mizani ni ya waifai, rudi uondoe ruhusa.

Sasa kikwazo kinachowashinda wengi. Mizani hizi karibu zote zinasikia waifai ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta nyingi za sasa zinatoa mbili, 2.4 na 5, mara nyingine kwa jina moja. Simu yako inapenda ya 5, mizani haiioni, na programu inazunguka dakika tano kisha inasema imeshindwa. Nilirudia zoezi hilo jioni nzima, nikaitukana mizani, nikamtukana na aliyeniuzia. Dawa yake: ingia kwenye mipangilio ya ruta, zipe jina tofauti, tuseme nyumbani na nyumbani5, unganisha simu kwenye ile ya 2.4, rudia. Kama ruta imekushinda, mpigie fundi aliyekufungia intaneti, ni kazi ya dakika mbili.

Waifai za hosteli, au za nyumba za kupanga zinazokufungulia ukurasa wa kuandika namba ya chumba, hazitafanya kazi. Mizani haina pa kuuonyesha huo ukurasa. Hotspoti ya simu inafanya kazi, ila ukumbuke kuiwasha kila asubuhi kwa jina na nenosiri lile lile.

Ikishaungana, rekebisha vitu vitatu. Kipimo kiwe kilo, kwa sababu nyingine hutoka kiwandani zikisoma pauni, na mtu wa kilo 80 akiona 176 anaweza kuanguka. Saa za eneo ziwe za Afrika Mashariki, la sivyo kipimo cha asubuhi kinaweza kuandikwa tarehe ya jana. Na usishangae ukipanda saa kumi na mbili alfajiri programu ikaandika 06:00. Hayo ni mazungumzo yake na dunia.

Cha tatu ni eneo au nchi, kama mizani yako inauliza. Wengi huruka hapa. Mizani ya bafuni haipimi kilo zenyewe, inapima unavyoikandamiza, na uvutano wa dunia haulingani kila mahali: karibu na ikweta ni mdogo kuliko Ulaya, na ukipanda juu unapungua tena. Mizani iliyowekwa sawa kwa Ulaya ya kati ikiletwa Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari na digrii tatu tu kusini mwa ikweta, itampunguzia mtu wa kilo 80 karibu gramu 300. Ukiibeba hadi Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, itakupunguzia tena kama gramu mia. Ni njia ghali ya kukonda. Kama mizani yako haiulizi eneo, usijali, maana kosa lile lile kila siku haliuharibu mwelekeo.

Kupanda

Pima asubuhi, ukitoka chooni, kabla ya chai na kabla ya kuoga. Nguo ziwe zile zile: bukta, au khanga moja, au bila kitu. Miguu mitupu na mikavu. Simama wima, uzito umegawanyika miguu yote miwili, usiinamishe kichwa kusoma namba hadi itulie. Shuka. Usirudie kupanda ukitafuta namba nzuri zaidi, kwa sababu mizani inaandika zote.

Kila siku au mara moja kwa wiki? Ushauri wa mara moja kwa wiki umeenea sana, na ulikuwa na maana enzi za kalamu na daftari. Kwa mizani inayojiandikia, mimi nasema kila siku, isipokuwa kwa mtu ambaye namba inamharibia siku nzima au inamfanya aruke chakula. Huyo asipime kabisa, aiachie kliniki. Sababu ya kila siku ni hii hapa, kutoka kwenye simu yangu, wiki mbili za Jumatatu hadi Jumapili:

Wiki ya kwanza: 91.4, 90.6, 92.1, 91.2, 90.9, 91.8, 90.9.
Wiki ya pili: 90.8, 91.5, 90.4, 90.9, 90.2, 91.1, 90.3.

Ningekuwa mtu wa kupima kila Jumanne, ningeona 90.6 kisha 91.5, nimeongezeka karibu kilo nzima, na jioni ile ningekata tamaa nikaagiza kitimoto. Lakini jumlisha kila wiki ugawe kwa saba. Wiki ya kwanza inatoka 91.3, ya pili 90.7. Nimepungua zaidi ya nusu kilo, na ni mwendo mzuri tu. Jumanne ilidanganya.

Ilidanganya kwa sababu mwili ni ndoo ya maji inayotembea. Lita moja ya maji ni kilo moja, iwe kwenye ndoo au tumboni. Ukila wanga mwingi, tuseme mtori wa asubuhi na ndizi nyama za usiku, mwili unaweka akiba ya sukari kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo inashika kama gramu tatu za maji. Chumvi ya nyama choma inashika maji pia. Safari ya basi kutoka Dar, umekaa kutwa nzima, miguu inavimba. Wanawake wengi huongezeka uzito siku za kuelekea hedhi, kisha unashuka wenyewe. Mafuta ya kweli hayaji kwa kasi hiyo: ili upate kilo moja ya mafuta unahitaji kula kalori kama 7,700 zaidi ya ulizotumia. Kwa hiyo ukiamka tarehe 26 Desemba baada ya ndafu na mbege huko mgombani, mizani ikasema umeongezeka kilo mbili, sehemu kubwa ni maji, chumvi na chakula kilicho njiani. Endelea kupima. Ndani ya siku nne au tano utaona ukweli wake.

Kusoma mstari

Fungua programu, achana na namba kubwa ya juu, nenda kwenye grafu ya mwezi au ya miezi mitatu. Programu nyingi zinachora vidoto vya kila siku na mstari laini unaopita katikati. Vidoto ni kelele za soko la Mbuyuni; mstari ndio bei. Mstari ukishuka, unachofanya kinafanya kazi, hata kama leo kidoto kiko juu. Ukiwa bapa wiki tatu au nne, badilisha kitu. Kama programu yako haichori mstari, toa takwimu zako kama faili, zifungue kwenye Excel, na uweke safu ya wastani wa siku saba kama nilivyofanya hapo juu.

Nina tabia moja iliyonisaidia kuliko zote: naandika maneno mawili matatu siku yenye tukio. Msiba Machame. Nimeanza kutembea hadi Rau. Malaria. Miezi mitatu baadaye ukitazama mlima kwenye grafu, unajua ulitoka wapi, na daktari akiuliza "lini", unamwonyesha.

Kuna mstari mmoja wa kuogopa: unaoshuka wakati hujafanya lolote. Mtu anayepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, yaani kilo 4 kwa mtu wa 80, aende hospitali hata kama majirani wanamsifia. Kisukari na kifua kikuu huweza kuanza hivyo.

Asilimia ya mafuta na hadithi nyingine

Mizani itakupa pia mafuta, misuli, maji, mifupa, na nyingine hata "umri wa mwili". Vyote hivyo inavikisia. Inapitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja hadi mwingine, inaona umepita kwa ugumu gani, kisha inatumia hesabu yenye urefu, umri na jinsia yako. Maji yakibadilika, jibu linabadilika. Asubuhi moja nilipanda na miguu mikavu, ikasema mafuta asilimia 30. Nikaoga, nikarudi na miguu ina unyevu, ikasema 27. Sijawahi kusikia mtu aliyechoma mafuta kwa sabuni. Itazame kwa miezi, usiitazame kwa siku.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asitumie kabisa kipimo hicho, na mjamzito akizime. Programu nyingi zina sehemu ya kuzima umeme na kubaki na kilo tu. BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni hesabu ya kawaida, kilo gawanya kwa urefu wa mita mara urefu. Mimi kwa kilo 91 na mita 1.72 napata 30.8. Kuanzia 25 unaitwa mwenye uzito uliozidi, kuanzia 30 mnene kupita kiasi. Nilikasirika siku mbili, kisha nikaanza kutembea.

Nyumba yenye watu wengi

Mizani inamtambua mtu kwa uzito wake wa mwisho. Baba wa kilo 91 na mtoto wa kilo 34 haiwachanganyi. Mume na mke wa kilo 74 na 75 itawachanganya kila siku, na ugomvi utaanza. Nyingi zinaonyesha herufi za majina ili uchague kwa kuegemea mguu wa kulia au wa kushoto; jifunzeni hilo siku ya kwanza. Mgeni apande kwa sehemu ya mgeni. Na kila mtu mzima awe na akaunti yake. Uzito wa mwenzako si tangazo la sebuleni.

Faida kubwa zaidi niliyoipata haikutoka korido kwangu, ilitoka Kibosho. Mama ana tatizo la moyo, na daktari alimwambia ajipime kila asubuhi, kwa sababu moyo ukilemewa maji hujaa mwilini kabla pumzi haijaanza kukata. Kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu ni ishara ya kumtafuta daktari, bila kusubiri kliniki ijayo. Nikampelekea mizani ya waifai na ruta ndogo ya laini ya simu. Wiki ya kwanza ilikuwa hivi:

"Shikamoo mama. Mbona leo hujapanda?"

"Marahaba. Mvua yenyewe haijaanza, nipande nini?"

Tukaelewana baadaye. Mwaka jana, mwezi wa tano, nikiwa kazini nikaona 67.2, kesho yake 68.3, keshokutwa 69.6. Nilipompigia alisema yuko salama, viatu tu ndivyo vimebana. Tulimpeleka siku ile ile, dawa ya kutoa maji ikaongezwa, akarudi nyumbani. Kwa simu peke yake ningeambiwa yuko salama hadi Jumapili.

Ikigoma

Umeme ukikatika mizani haijali, ina betri zake. Ruta ndiyo inayozima. Nyingi huhifadhi vipimo kadhaa na kuvituma mtandao ukirudi, kwa hiyo panda kama kawaida. Ukibadilisha nenosiri la waifai au ukabadilisha ruta, mizani haitakuambia, itanyamaza tu, rudia kuiunganisha. Namba zikianza kucheza bila sababu, betri zinakufa. Zibadilishe zote kwa pamoja, usichanganye mpya na nusu mfu. Kuihakiki, tumia ndoo tupu na maji: weka ndoo, soma, ongeza lita 10 kwa chupa unazozijua ujazo wake, na lazima iongezeke karibu kilo 10. Kama haianzi kusoma kwa vitu vyepesi, panda umeshika ndoo tupu, kisha panda umeishika ikiwa na maji.

Nani mwingine anaona

Kilo zako zinakaa kwenye kompyuta ya kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti, lakini sheria haitakuandikia nenosiri. Tumia nenosiri ambalo hulitumii kwingine, zima sehemu ya kushirikisha marafiki, na pitia orodha ya programu nyingine zilizoruhusiwa kusoma uzito wako.

Na kabla ya kuigawa au kuiuza, itoe kwenye akaunti yako na uirudishe ilivyotoka kiwandani. Mimi nilimpa dada yangu wa Arusha mizani yangu moja bila kufanya hivyo, akaiunganisha na waifai yake, akapanda. Asubuhi ile simu yangu ilinipongeza kwa kupungua kilo 27 kwa usiku mmoja, na dada hakupokea simu zangu hadi nilipomhakikishia kwamba namba yake nimeifuta.